Kutengeneza chesisi iliyopasuka ya guta la umeme la zamani

Guta la umeme, yaani chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, likianza kuvuta upande mmoja ukilegeza mikono kwenye usukani, au bodi ikianza kukwangua tairi la nyuma kila linapoingia shimoni, shusha mzigo hapo hapo uiname kuangalia chini. Mara nyingi utakuta mstari mwembamba wa kutu, rangi ya ugoro, umejichora juu ya rangi ya chuma. Huo ndio ufa. Kingo mbili za chuma zinasuguana ndani kila gurudumu linaporuka, na unga wake unasukumwa nje na maji.

Fundi mwenye haraka atapitisha rodi ya kuchomelea juu ya mstari huo, atabandika kipande cha flatiba (chuma bapa), na jioni guta litarudi barabarani. Litakatika tena, na safari hii si pale pale, bali sentimita mbili au tatu pembeni, mwisho wa kiraka. Kiraka kigumu kimezuia bomba lisinyumbuke, mnyumbuko wote umehamia kwenye ukingo wake, na ukingo huo ndio uliounguzwa na rodi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya kabla ya kuwasha mashine. Kuchomelea ni saa moja au mbili. Kupima na kuandaa kunaweza kula siku nzima, na siku hiyo haipotei.

Kwa nini imepasukia hapo

Chesisi ya guta ina sehemu nne zinazochoka kabla ya nyingine. Ya kwanza ni shingo, pale bomba la usukani linapoungana na boriti kuu. Ya pili ni goti, yaani pale boriti inapopinda nyuma ya kiti cha dereva kwenda kubeba bodi. Ya tatu ni masikio ya springi nyuma. Ya nne ni trei ya betri pamoja na mabomba yaliyo chini yake.

Tazama kazi ya guta ndipo utajua pa kuanzia. Linaloshusha ndizi kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni, Moshi, linashuka mteremko mrefu likiwa limefunga breki, uzito wote umeelemea mbele, na shingo ndiyo inayobeba. Linalobeba nondo ndefu zilizotokeza nyuma ya bodi linapata kinyume chake: mkia unashuka, mbele kunanyanyuka, na goti linakunjika kila tuta. Mzigo uliopangwa upande mmoja hula sikio la springi la upande huo.

Guta la umeme lina tatizo lake la ziada. Betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Mfumo wa volti 60 una betri tano, yaani kilo 150 hivi ambazo hazishuki sokoni. Ziko juu ya chesisi usiku na mchana, na guta likiwa tupu ndipo zinapoirusha zaidi, kwa sababu dereva anakimbia. Ongeza asidi inayotoka betri zikichajiwa kupita kiasi, na utaelewa kwa nini bomba la chini ya trei linaweza kubaki kama karatasi huku rangi ya nje ikionekana nzima.

Kabla ya kulaumu chesisi, kagua boliti ya katikati ya pati za springi. Ikikatika, ekseli inateleza nyuma upande mmoja na guta linatembea kiupande kama kaa, ilhali chesisi haina kosa. Kagua pia bushi za masikio na beringi za shingo. Zikichezacheza, vipimo vyako vyote vitadanganya.

Umeme kwanza

Zima swichi, toa ufunguo, kisha toa fyuzi kuu au shusha swichi ya kukata umeme. Kabla ya kufungua waya, chukua mita na upime volti kati ya pozitivu ya betri na chuma cha chesisi, kisha kati ya negativu na chesisi, uandike. Utazihitaji namba hizo mwishoni. Fungua waya wa negativu kuu, halafu toa viunganishi vya kati ya betri na betri ili kila moja ibaki peke yake na volti zake 12. Funga spana kwa utepe wa umeme, ubakize mdomo tu. Spana ikiangukia terminali mbili inaweza kuwaka nyekundu mkononi.

Ondoa betri zote na uziweke mbali, penye hewa. Betri ya risasi hutoa haidrojeni, na cheche moja ya grainda inatosha kuilipua. Chomoa plagi zote za kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, na uitoe kabisa, pamoja na kibadilishi cha volti cha taa. Waya za mota nazo zifunguliwe. Kuna mafundi wanaochomoa betri tu na kuacha kontrola, kisha guta likikataa kuwaka wanasema kontrola "ilikuwa imechoka". Mkondo wa mashine ya kuchomelea unatafuta njia yoyote ya kurudi, na kontrola ya zamani haina kinga ya maana.

Trei ikiwa na unga mweupe au wa kijani, hiyo ni asidi imeshaanza kazi. Koroga magadi, yale yale yanayouzwa sokoni kwa ajili ya makande, vijiko vinne vya chakula kwenye lita moja ya maji, umwagie polepole. Itachemka mapovu. Rudia mpaka mapovu yakome, kisha suuza kwa maji mengi. Fanya hivyo betri zikiwa zimeshatolewa, maana magadi yakiingia ndani ya betri yanaiharibu.

Kuutafuta ufa mpaka mwisho wake

Ufa unaouona kwa macho si ufa wote. Ondoa rangi kwa brashi ya waya sentimita kumi kila upande. Usitumie diski ya kusagia hapa, kwa sababu inapaka chuma juu ya ufa na kuufunika. Futa kwa thina. Sasa paka mafuta ya taa kwa brashi ndogo, uache dakika 20. Futa mpaka pakauke kabisa, halafu saga chaki nyeupe, uikoroge na spiriti, upake nyembamba, uiache ikauke. Gonga bomba taratibu kwa mpini wa nyundo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda kwenye chaki na kuchora mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, na mara nyingi mstari huo unaendelea sentimita mbili zaidi ya pale ulipodhani umeishia. Weka alama ya senta panchi kwenye kila ncha.

Fanya hivyo kwenye shingo, goti na masikio yote, hata kama ufa umeonekana sehemu moja tu.

Bomba lenye kutu gonga kwa nyundo yenye ncha. Chuma kizima kinalia, kilichoisha kinatoa sauti ya bati na nyundo inaacha shimo. Toboa tundu la milimita 4, ingiza waya uliokunjwa ncha kama ndoana, uvute ushike ukuta kwa ndani, uweke alama kwenye waya upate unene. Bomba lililoanza na ukuta wa milimita 2 na sasa lina milimita 1.5 au pungufu, usihangaike kulitia viraka. Kata ubadilishe.

Ujue ni chuma gani

Kwenye guta la zamani hili halikwepeki. Gusa chuma kwa grainda mahali pasipoonekana na utazame cheche. Chuma laini cha kawaida kinatoa cheche ndefu za njano zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi kinatoa cheche zinazopasuka kama nyota karibu na diski. Chuma cha kumwaga kinatoa cheche fupi, nyekundu, zilizofifia. Masikio na soketi nyingine za zamani ni chuma cha kumwaga, na ukikichomelea kwa rodi ya kawaida kinapasuka kikipoa. Hicho kibadilishwe na sikio jipya la pleti.

Kwaruza pia maungio kwa tupa. Ukiona rangi ya dhahabu, fremu iliunganishwa kwa shaba ya njano na gesi. Usipige rodi ya umeme juu yake. Shaba ikiyeyuka inapenya kati ya chembe za chuma na kuzitenganisha, na ungio litapasuka hata kabla hujafunga matairi. Ama urudie kwa gesi na shaba, ama ukate nyuma mpaka kwenye chuma kitupu.

Kuna chesisi ambazo hazitakiwi kukazwa kabisa. Sinclair C5, chombo kidogo cha umeme cha magurudumu matatu kilichotoka Uingereza mwaka 1985, kina chesisi ya bati la chuma lililokandamizwa umbo la Y, na hakina springi: kunyumbuka kwa chesisi ndiyo springi yenyewe. Kiraka kinene kwenye chesisi ya namna hiyo kinaua kilichobuniwa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chuma popote, jiulize kama sehemu hiyo ilikusudiwa kucheza.

Jambo la mwisho kabla ya kukata ni namba ya chesisi. Itafute, uisafishe, uipige picha, uifunike kwa utepe. Usiisage wala kukata kipande chenye namba hiyo, maana ndiyo iliyo kwenye kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kama ufa umepita kwenye namba, simamisha kazi na uulizie utaratibu kwanza.

Kupima

Inahitajika sakafu ngumu, timazi, uzi, chaki, tepu na pima maji. Toa bodi. Weka chesisi juu ya stendi nne, uiweke sawa kwa pima maji kwenye sehemu ambayo haijaharibika. Teremsha timazi kutoka katikati ya shingo, kutoka kila sikio la springi na kutoka pande mbili za goti, kila mara ukipiga alama ya chaki sakafuni. Kisha isogeze chesisi pembeni. Sakafuni umebaki na ramani yake.

Pima mishazari: sikio la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na kinyume chake. Tofauti isizidi milimita 3. Pima kutoka alama ya shingo hadi sikio la nyuma kila upande, nazo zilingane hivyo hivyo. Rudisha chesisi juu ya stendi, uiweke sawa tena, uvute uzi kutoka shingo hadi katikati ya masikio ya nyuma, uone kama boriti kuu imeuacha. Mwisho simama nyuma ya guta, weka pima maji kwenye bomba la shingo: likilala kulia au kushoto, guta litavuta upande huo hata ukinyoosha mengine yote. Andika kila namba.

Kunyoosha

Anza kwa baridi. Boriti nzito ya reli au bomba nene chini, mnyororo, na jeki ya tani 2 vinatosha kwa maguta mengi. Bonyeza kidogo, legeza, pima, rudia. Chuma kinarudi kidogo kila ukilegeza, kwa hiyo utalazimika kupitiliza milimita chache. Weka kipande cha mbao ngumu kati ya jeki na bomba ili lisibonyee.

Bomba nene likigoma, lipashe moto eneo pana, si nukta moja, mpaka liwe jekundu iliyofifia ukilitazama kivulini, karibu nyuzi 650, kisha bonyeza. Liache lipoe lenyewe. Kumwagia maji kunaweza kulikaza na kulifanya lipasuke kirahisi. Bomba jembamba lililokunjika mpaka likapata mkunjo mkali halinyooshwi, linakatwa, kwani chuma kwenye mkunjo huo kimeshavutika na kuchoka.

Kuandaa na kuchomelea

Kwa goti moja na masikio mawili, andaa nusu kilo ya rodi 6013 za milimita 2.5, rodi chache za milimita 2 kwa bomba jembamba, pleti ya milimita 3 ya ukubwa wa sentimita 30 kwa 40, diski mbili za kukatia, moja ya kusagia, drili ya milimita 4 na ya milimita 8. Rodi ziwe kavu. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, pakiti iliyokaa wazi kwenye kibanda inanyonya unyevu, na weldi inatoka na vitundu kama andazi. Rodi 7018 ni imara zaidi kwa vyuma vinene, lakini kama huna tanuri la kuzikausha, afadhali 6013 mpya kuliko 7018 yenye unyevu.

Toboa tundu la milimita 4 kwenye kila ncha ya ufa, mahali ambapo chaki ilionyesha mwisho. Tundu la mviringo linautuliza ufa, kwa sababu nguvu haina tena ncha kali ya kupasulia. Bomba ukuta wa milimita 3 au zaidi, fungua ufa kwa grainda umbo la V, nyuzi 60, ukibakiza milimita 1 chini. Ukuta wa milimita 2 hauhitaji V, pengo la milimita 1 hadi 1.5 linatosha. Kama ni bomba lililozibwa pande zote, toboa tundu la kupumulia la milimita 3. Hewa iliyofungiwa ikipata moto inatapika chuma kilichoyeyuka usoni mwa fundi. Na kama bomba ni la mabati ya zinki, saga zinki yote sentimita 3 kila upande na ufanyie kazi penye upepo. Moshi wake mweupe unaleta homa.

Weka jeki chini ya goti, nyanyua mpaka kingo za ufa zikae sawa bila kupishana. Funga kishikizo cha arthi kwenye chuma kilichosafishwa, karibu kabisa na ufa na kwenye kipande hicho hicho. Kikifungwa kwenye ekseli, mkondo unapita ndani ya beringi na difu na kuzitia madoa ya moto.

Ampea: rodi ya 2.5 kwenye chuma cha milimita 3, anza na 70 hadi 80. Rodi ya 2 kwenye bomba la milimita 2, 45 hadi 55. Jaribu kwenye kipande cha unene uleule kwanza. Waya mrefu wa kuongezea umeme, ukiwa mwembamba, unashusha volti na utadhani mashine ni mbovu. Piga taki, yaani nukta ndogo za weldi za kushikilia, kila sentimita 3 au 4, ukibadilisha pande, kisha rudi na tepu upime mishazari tena. Taki inavunjwa kwa kugonga mara moja, weldi nzima haivunjwi hivyo, kwa hiyo hapa ndipo pa kurekebisha.

Ufa unaotokea ukingoni mwa bomba unachomelewa kuanzia kwenye tundu kwenda ukingoni. Vipande vya sentimita 4, si zaidi, kisha hamia upande mwingine na uache kile cha kwanza kipoe mpaka uweze kukigusa. Ondoa gamba la slagi lote kabla ya kupita mara ya pili. Weldi nzuri imepanda kidogo tu na kingo zake zimeyeyukia ndani ya chuma. Kama pembeni kuna mfereji uliolika, umeme ulikuwa mwingi au mkono ulikimbia, na mfereji huo ndio ufa wa kesho. Ujaze. Kama weldi imekaa juu kama mnyoo, haijashika. Saga urudie.

Bomba linalobadilishwa liwekewe kipande cha ndani cha urefu wa sentimita 12 hadi 15, kinachoingia kwa kukaza. Kata maungio kwa mshazari, toboa matundu mawili ya milimita 8 kila upande wa ungio, uyajaze weldi yashike kipande cha ndani, ndipo uzungushe ungio lenyewe.

Kiraka kinachofaa

Saga weldi ya ufa ilingane na bomba pale tu pleti itakapolala. Pleti iwe na unene sawa na ukuta wa bomba, milimita 3 juu ya 3. Ikate umbo la almasi lenye ncha zilizozungushwa, urefu wake upite ufa kila upande kwa mara moja na nusu ya kimo cha bomba. Iweke ubavuni, pande zote mbili, si juu wala chini. Chomelea kwenye kingo za mshazari na uache sentimita 1 ya kila ncha bila weldi. Hiyo ndiyo siri yake: ugumu unaongezeka polepole badala ya kuanza ghafla, na hakuna mstari wa weldi unaokata bomba kwa mkato. Mistari ya weldi inayokata boriti kwa mapana upande wa chini, ambako chuma kinavutwa zaidi, ni kosa baya kuliko yote yaliyotajwa hapa. Sehemu zisizochomelewa zizibwe kwa silanti (gundi ya kuzibia) kabla ya rangi, la sivyo maji yatakaa chini ya pleti.

Shingoni tumia kipande cha pembetatu chini ya ungio, na ubavu wake mrefu ukate kama upinde wa ndani badala ya kuunyoosha.

Rangi, betri, majaribio

Rudia kipimo cha mafuta ya taa na chaki. Kisha praima ya redi oksaidi mikono miwili, rangi ya mafuta mikono miwili, kila mkono ukiachwa ukauke. Ndani ya bomba, mimina grisi iliyolainishwa kwa mafuta ya taa kupitia tundu la kupumulia, uzungushe chesisi, uache ivuje, uzibe. Trei ipakwe rangi ya lami, itobolewe matundu mawili ya kutolea maji, na juu yake ulaze mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uwekewe pete ya mpira.

Rudisha betri na upime tena volti kati ya betri na chesisi. Namba zikitofautiana na zile ulizoandika, kuna waya umebanwa au kuchubuka. Utafute kabla ya kurudisha fyuzi.

Jaribio la mzigo halihitaji mizani. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 30 hivi. Weka ndoo tano, pima kimo cha goti kutoka sakafuni, tembeza kilomita mbili kwenye barabara ya tambarare, rudi, shusha, upime tena. Goti lisiporudi kwenye kimo chake, kuna sehemu imenyooka vibaya au weldi imeanza kuachia. Likirudi, ongeza ndoo hadi ufikie uzito lililobuniwa kubeba, na ufanye majaribio ya breki mahali pasipo na watu. Safari ya mteremko mkali iwe ya mwisho.

Baada ya wiki mbili za kazi kaza upya boliti za springi na za bodi, futa vumbi kwenye weldi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na uangalie kama mstari wa rangi ya ugoro umejitokeza kwenye ncha za almasi. Rangi nyeupe au ya kijivu hafifu kwenye sehemu hizo inarahisisha ukaguzi kuliko nyeusi.